Puto la Kliniki

Jumanne, saa nane mchana, Wilfrida Ocampos alikuwa ameketi kwenye dirisha la miadi la kliniki ya manispaa ya Santa Librada, akimtafutia bibi mmoja, Ña Tomasa, nafasi ya kupasuliwa mtoto wa jicho, alipoanza kuinuka kutoka kwenye kiti. Hakusimama. Aliinuka vilevile alivyoketi, magoti yamekunjwa, mkono wa kulia ukiwa bado kwenye kipanya, na alipofika juu kiasi cha shubiri mbili akabaki hapo. Akaivuta kibodi mpaka ukingoni mwa meza ili aifikie, akaendelea kusubiri ukurasa ufunguke.

"Imefunguka?" aliuliza Ña Tomasa.

"Bado. Inazunguka."

Ña Tomasa alikuwa na miaka sabini na kitu, na macho yake yote mawili yalikuwa na rangi ya maji yaliyooshewa mchele. Hakuona kitu. Wengine kwenye foleni waliona, lakini siku hiyo joto lilikuwa limepita digrii arobaini na hakuna aliyekuwa na hamu ya kuzungumzia mambo ya mtu mwingine. Mwanamume mmoja mwenye mguu uliovimba alisogea hatua moja upande wa kushoto, kwa sababu hapo Wilfrida sasa alikuwa anakinga jua.

Santa Librada hulala siesta, usingizi wa mchana, kuanzia saa saba hadi saa kumi. Maduka hufungwa, mbwa huingia chini ya magari, padri huvua kola. Kliniki peke yake haifungwi, kwa sababu wagonjwa hawachagui saa, na kwa miaka mingi aliyebaki dirishani wakati wa siesta alikuwa Wilfrida.

Dakika chache baadaye kompyuta zote za manispaa zikazima kwa pamoja. Wilfrida akaanguka kwenye kiti na mguu mmoja wa kiti ukavunjika.

"Imefunguka?" aliuliza Ña Tomasa, aliyesikia kishindo.

"Imezima. Njoo kesho, Ña Tomasa."

"Hata jana uliniambia kesho."

"Na umekuja kesho, sikukudanganya."

Ña Tomasa alicheka, akachukua fimbo yake na kuondoka kwa kupapasa ukuta. Wilfrida akajisugua nyonga, akampigia simu mume wake.

Mume wake, Arsenio Villalba, alikuwa fundi wa kompyuta wa manispaa, na hakukuwa na mwingine. Alifanyia kazi ndani ya chumba ambacho zamani kilikuwa mahabusu ya walevi. Walikichagua kwa sababu kuta zake ni nene na jua haliingii, na mlango wa nondo waliuacha ili upepo wa kiyoyozi upate pa kutokea. Humo ndani kulikuwa na seva moja, isiyozidi ukubwa wa sanduku la nguo, na ndani ya seva hiyo kulikuwa na mashine nane za ofisi nane: kliniki, ushuru wa soko, makaburi, maktaba na kadhalika. Mashine hizo haziguswi kwa mkono. Ni mashine pepe. Kila moja inaamini kwamba iko peke yake na kwamba memori yote iliyoandikiwa ni mali yake. Ni kama nyumba moja yenye wapangaji wanane, kila mmoja ameambiwa nyumba nzima ni yake, na hakuna ugomvi ilimradi hawarudi nyumbani kwa wakati mmoja. Aliyebuni mpango huo alikuwa anawajua watu.

Kioo cha seva kilikuwa kimegeuka zambarau tupu, na maandishi meupe juu yake. Arsenio hakuyaelewa yote. Alielewa mstari mmoja, uliosema kwamba memori imekwisha. Akampigia mhandisi Ninfa Escurra huko mji mkuu, Asunción, ambaye kazi yake ilikuwa kuangalia seva za manispaa za mikoani kwa njia ya simu.

"Mhandisi, imekufa tena."

"Zambarau?"

"Zambarau."

"Kabla haijafa, kuna mtu aliyeelea?"

Arsenio alihamisha simu kutoka sikio moja kwenda jingine. "Mke wangu."

"Yuko ofisi gani?"

"Kliniki. Dirisha la miadi."

"Juu kiasi gani?"

"Shubiri mbili. Lakini ameanguka vibaya, kiti kimevunjika."

"Basi ni puto," alisema Ninfa, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeulizwa duka la mikate liko wapi.

Akamweleza. Seva ikiishiwa memori haitaki kufa, kwa hiyo inaingiza puto ndani ya mashine mojawapo na kulipuliza. Mashine hiyo inajiona imebanwa, inaachia kila inachoweza kuachia, na seva inakichukua na kuwagawia wengine. Inachaguliwa ile yenye daraja la chini kuliko zote. Na mtu aliyekaa kwenye mashine yenye puto anakuwa mwepesi.

"Ni jambo la kawaida," alisema Ninfa. "Kuna manispaa moja, mhasibu wao alipanda mpaka kwenye feni. Ikabidi wazime feni."

"Hakuumia?"

"Alilalamikia joto. Sasa sikiliza. Puto lenyewe haliui seva. Kinachoiua ni pale puto limejaa na bado memori haitoshi. Kuna nini kwenu saa nane?"

"Hakuna kitu. Saa nane watu wamelala."

"Hakuna anayetumia kompyuta?"

"Wilfrida tu. Ndiyo maana bakapu zote nimeziweka saa nane, kama ulivyoniagiza."



"Nilikuagiza saa nane, watu wakiwa wamelala," alisema Ninfa.

"Ndiyo. Wamelala."

"Arsenio, sasa hivi ni mchana."

"Najua ni mchana. Mji mzima unakoroma, hata hapa nasikia."

"Na saa nane ya usiku wewe unafanya nini?"

"Mwezi wa pili? Niko nje barabarani na kiti changu kama watu wote. Nani analala ndani kwa joto hili?"

Ninfa alikuwa ameishi maisha yake yote ghorofani, kwenye kiyoyozi, na jambo hilo halikuwa limempitia akilini. Arsenio alikuwa ameishi maisha yake yote Santa Librada. Alipoambiwa saa nane watu wamelala, alijua moja kwa moja ni saa nane ipi. Kwa hiyo kila siesta mashine zote nane ziliamka pamoja kufanya bakapu, yaani kujinakili, kila moja ikadai memori yote iliyoahidiwa, na seva ikafa kwa ukarimu.

"Zihamishe usiku," alisema Ninfa. "Na zipange zifuatane, zisitoke kwa kundi."

Arsenio alizihamisha jioni hiyohiyo. Kesho yake seva haikufa. Ilipofika saa nane alifunga mlango wa nondo, akajilaza kwenye kitanda cha saruji walichokuwa wanalalia walevi, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo akalala siesta kama mtu mwenye heshima zake. Simu ikamwamsha.

"Njoo unishushe," alisema Wilfrida.

Alimkuta darini. Alikuwa ametazama chini, mgongo ukigusa mbao, kibodi ameikumbatia tumboni na waya wake ukining'inia mpaka mezani. Alisema alianza kuinuka saa mbili asubuhi, polepole, na ilipofika saa nane akawa hapo. Foleni ilikuwa bado imekaa kwenye mabenchi. Bila mtu kuambiwa, watu walikuwa wamegeuza mabenchi ili wasipate shida ya shingo.

"Fundi amefika," alisema Wilfrida. "Umeitengeneza?"

"Haizimi tena."

"Nimeona. Na mimi sishuki tena."

Ndivyo ilivyokuwa. Siku iliyotangulia seva ilipokufa, yeye alianguka, na mambo yakaanza upya. Sasa seva ilikuwa nzima na hapakuwa na cha kumrudisha chini. Bakapu zilikuwa zimeondoka mchana, lakini memori ilikuwa bado haitoshi. Ilipungua kidogo kidogo tangu asubuhi, na kila ilipopungua seva ilipuliza puto mahali palepale.

"Unajisikiaje?"

"Kama mwanamke aliyeolewa na fundi wa kompyuta. Nipe terere."

Alipanda ngazi akampa bilauri, naye akanyonya terere, chai yao baridi ya majani, kwa mrija, kichwa kikiwa upande. Halafu Arsenio akamshika kifundo cha mguu, akamvuta. Alikuja bila uzito wowote, kama kanga iliyoanikwa. Alipokaa kwenye kiti Arsenio akamshika mabega, ndipo akazima kompyuta, na Wilfrida akawa mzito tena. Mpangilio wakaujua siku hiyo: ukiizima akiwa juu anaanguka, ukiiacha anapanda, kwa hiyo lazima kwanza umvute ndipo uzime.

"Si mbaya sana," alisema Wilfrida wakitembea kwenda nyumbani. "Huko juu kuna upepo kidogo."

Ijumaa mkandarasi alikuja kupima paa la kliniki. Lilikuwa linavuja tangu zamani. Alisema Jumatatu ataondoa mabati yote, na mbao za dari pia, kwa sababu zimeoza.

"Halafu?" aliuliza Wilfrida kutoka juu.

"Halafu wiki tatu mpaka nne kuweka jipya, mama, mvua ikitukubalia."

"Na dirisha la miadi litahamia wapi?"

"Halihami. Meya ametangaza redioni kwamba huduma haitasimama hata saa moja."

Wilfrida aligusa dari kwa kiganja, akalisukuma kidogo kama mtu anayepima godoro. Halikuwa dari la maana, lakini ndilo lililokuwa linamzuia.

Jioni hiyo Arsenio alirudi mahabusu akaipandisha kliniki daraja. Jumamosi asubuhi, kliniki ikiwa wazi nusu siku, Wilfrida alikaa kitini kama gunia la mihogo na kurasa zikafunguka bila kuzunguka. Haikufika hata saa moja. Akapiga simu Don Celso, mkuu wa ushuru wa soko.

"Arsenio, nina kilo mia na ishirini," alisema, "na hivi ninavyoongea nimekumbatia taa."

"Pole sana, Don Celso."

"Rudisha."

"Nikirudisha anapanda Wilfrida."

"Wilfrida ni mwembamba na amezoea. Mimi taa hii inaniunguza."

Don Celso hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu katibu wa chama cha Meya kwa upande wa kusini mwa mji. Arsenio alirudisha daraja lilivyokuwa, na kwa upande wa pili wa simu akasikia mtu mzito akitua juu ya meza.

Ndipo akafanya alichopaswa kufanya tangu mwanzo, yaani kuangalia ni nani aliyechukua nini. Nusu nzima ya memori ya seva ilikuwa imewekewa mashine moja tu, imefungiwa, hairuhusiwi kuguswa hata seva ikifa. Ilikuwa mashine ya Kamati ya Miaka Mia. Santa Librada ilikuwa imetimiza miaka mia tangu kuanzishwa, na ili kujiandaa Kamati iliweka uwanjani saa kubwa ya umeme inayohesabu siku kurudi nyuma kuelekea sherehe. Sherehe ilifanyika. Ng'ombe walichomwa, bendi ilipiga, Meya alilia. Hakuna aliyeizima saa. Ilifika sifuri ikaendelea chini ya sifuri, na mpaka sasa ilikuwa inahesabu siku za hasi, usiku na mchana, mbele ya kanisa. Hicho ndicho kitu pekee ambacho mashine hiyo ilikuwa inakifanya.

Arsenio alikwenda kwenye ofisi ya Kamati. Wajumbe watatu walikuwa wameketi kwenye viti vya ngozi, na Meya, Don Rigoberto Achucarro, mwenyekiti wao, kwenye cha nne. Kwa kuwa mashine yao ilikuwa na memori kuliko inavyohitaji, wao walikuwa wazito. Vigae vya sakafu vilikuwa vimepasuka na viti vimezama mpaka magotini mwao. Mjumbe mmoja alikuwa amewekewa mto mbele ya kidevu, kwa sababu meza sasa ilikuwa sawa na uso wake.

"Kaa, Arsenio," alisema Meya. "Chukua chipa, ziko hapo juu, sisi hatuzifikii vizuri."

Arsenio alichukua mikate hiyo midogo ya jibini, akawagawia, akachukua wake. Halafu akaeleza. Alisema anahitaji sehemu ya memori ya Kamati aipe kliniki, kwa sababu Jumatatu dari linaondolewa na mke wake atakwenda juu bila kizuizi, na siku kompyuta ikizima ataanguka kutoka urefu wa mnara wa kanisa.

"Jambo zito," alisema Meya.

"Kwake ni jepesi, Don Rigoberto. Ndilo tatizo."

Wajumbe walicheka kwa kifua, na kigae kimoja kikalia.

"Sasa mwanangu," alisema Meya, "memori hiyo Kamati iliahidiwa. Kitu kilichoahidiwa siwezi kukigusa. Leo nikigusa cha Kamati, kesho watu watasema neno langu halina maana."

"Na kliniki nayo iliahidiwa. Na soko. Na makaburi. Wote waliahidiwa, memori ileile."

"Najua. Niliahidi mimi mwenyewe."

"Haitoshi."

"Inatosha," alisema Meya kwa upole. "Waambie tu wasije wote siku moja."

Alimpa mkono, akaahidi kwamba memori mpya itanunuliwa katika bajeti ijayo. Mjumbe mwenye mto akauliza kama hiyo ndiyo memori waliyoahidiwa wao kwa ajili ya saa ya pili. Meya akasema ndiyo, hiyohiyo.

Jumapili usiku Arsenio na Wilfrida walikaa nje na viti vyao, kama majirani wote, wakinyonya terere.

"Nina neno la siri la seva," alisema Arsenio. "Naweza kuifungua memori ya Kamati kesho asubuhi, sekunde moja tu."

"Wakikufukuza tutakula nini? Puto?"

"Na wewe ukianguka?"

"Kwanza lazima nipande. Nitafutie kamba."

"Nitaleta kamba. Na nitaifungua."

Wilfrida alitazama juu. Mbingu ilikuwa na nyota nyingi, na haikuwa na dari.

"Basi kama unaifungua," alisema, "mwambie Ña Tomasa awahi."

Jumatatu mafundi walipandisha ngazi kabla ya jua kuchomoza, na ilipofika saa mbili kliniki ilikuwa na kuta nne na mwavuli. Arsenio aliketi uani karibu na pampu ya maji, kompyuta mapajani na kamba ya kufungia fahali miguuni. Alibonyeza. Memori ya Kamati ikafunguka. Ndani ya dirisha la miadi Wilfrida, aliyekuwa ameanza kuinuka, alishuka akakaa. Nywele zake zikalala mabegani.

Kurasa zilifunguka. Mtu mwenye mguu uliovimba alipata siku yake. Mama mwenye mapacha alipata siku mbili. Foleni ambayo tangu Krismasi ilikuwa inasogea kama jua ukutani ilianza kutembea, na watu waliozoea kuja na shuka na chakula cha mchana walijikuta wamekwisha kuhudumiwa, wakabaki wamesimama uani hawajui waende wapi.

Uwanjani, saa ya Miaka Mia ilisimama.

Simu ililia wakati Ña Tomasa anafika dirishani.

"Arsenio," alisema Meya. "Saa haihesabu."

"Ilikuwa inahesabu kuelekea nini, Don Rigoberto?"

"Usiniulize maswali ya shule. Watu wamezoea kuitazama. Rudisha, au namtuma mpwa wangu Fulgencio na bisibisi."

Arsenio alimfahamu Fulgencio. Alikuwa ametengeneza pasi ya Meya, na sasa Meya hakuwa na pasi. Fulgencio akiingia mahabusu na bisibisi, mashine zote nane zingekwisha siku hiyohiyo. Arsenio aliinuka, akamfunga Wilfrida kamba kiunoni mafundo mawili, akaifunga ncha ya pili kwenye nguzo ya chuma ya pampu. Kisha akarudi kwenye kompyuta.

"Nahesabu kutoka kumi," alisema Meya kwenye simu. "Kumi. Tisa."

Dirishani ukurasa wa Ña Tomasa ulikuwa umefunguka wote. Jina lilikuwepo, umri ulikuwepo, na daktari wa mjini alikuwa na nafasi.

"Swali la mwisho, Ña Tomasa," alisema Wilfrida. "Wanaanza na jicho gani, la kulia au la kushoto?"

"Mwanangu, hilo halijawahi kuulizwa."

"Hatujawahi kufika hapo. Lipi ni baya zaidi?"

"La kushoto ndilo baya. Lakini la kulia ndilo ninalolipenda."

"Nne," alisema Meya. "Tatu."

"Chagua moja, Ña Tomasa, la pili litafuata."

"Ngoja nifunike hili kwanza nione." Akafunika jicho moja kwa kiganja, akasimama hivyo. Akafunika jingine. "Hapana, ni sawasawa. Marehemu mume wangu alikuwa anakaa upande wa kulia."

"Moja," alisema Meya. "Sifuri."

Arsenio hakubonyeza. Meya, ambaye kwa miaka kadhaa alikuwa amekunywa kahawa yake mbele ya saa ile, hakuishia hapo.

"Hasi moja," alisema. "Hasi mbili. Fulgencio amevaa viatu. Hasi tatu. Fulgencio yuko mlangoni."

Arsenio alimtazama mke wake kupitia mlango. Wilfrida alivuta kamba kiunoni, akaona imekaza, akatikisa kichwa kukubali.

"Jicho?" aliuliza Arsenio.

"Bado anafikiria."

"Hasi sita," alisema Meya.

Arsenio akabonyeza.

Wilfrida alipita pale dari lilipokuwa, mwavuli ukabaki. Mafundi wa paa walimpisha na mmoja akamshikia waya wa kibodi usinase kwenye mabati. Alipanda mpaka kamba ikakaza, juu kidogo ya mti wa lapacho, na hapo akatulia, kibodi mapajani, sketi ameikunja vizuri chini ya magoti.

"La kulia," alisema Ña Tomasa pale chini, akiliambia dirisha. "Niandikie la kulia."

"Naandika," ilijibu sauti ya Wilfrida. "Inazunguka."

Tangu hapo ndivyo kazi inavyofanyika. Asubuhi Wilfrida anafungwa kamba, na manispaa imenunua mpya, ya nailoni, ya buluu. Vitambulisho vinapanda kwa kikapu na majibu yanashuka kwa kikapu hichohicho, yanapokuwepo. Arsenio aliomba angalau mashine ya kliniki isiwe ya daraja la chini, na ombi lilipokelewa. Alipomweleza mhandisi Ninfa, yeye aliuliza tu kama seva bado inakufa. Arsenio akasema haifi. Ninfa akasema basi tatizo limetatuliwa, akalifunga. Mkandarasi alipomaliza paa jipya aliacha tundu la mviringo juu ya dirisha la miadi, limezungushiwa bati safi. Meya aliletwa na watu wanne ili kukata utepe. Alisema Santa Librada ndio mji wa kwanza kutoa miadi ya hewani na akaahidi tundu la pili kwa maktaba. Saa ya uwanjani inaendelea kuhesabu chini ya sifuri na watu wanaendelea kuitazama.

Saa kumi jioni, siesta ikiisha, Arsenio anakuja na kuivuta kamba mkono baada ya mkono, bila haraka. Viatu vyake vinapogusa ardhi anamshika mabega, kisha anazima.

Ña Tomasa anakuja kila siku. Anafika kwa kupapasa ukuta, anaweka fimbo, anainua uso kuelekea sauti inakotoka, na macho yake meupe hayapepesi hata jua likiwa kali.

"Wilfrida, upo?"

"Nipo, Ña Tomasa."

"Imefunguka?"

"Bado."

Siku moja alisimama kidogo kabla ya kuondoka.

"Mwanangu, siku hizi sauti yako inatoka juu," alisema. "Wamekupandisha cheo?"

Wilfrida aliitazama foleni, iliyofika barabarani, na ng'ambo ya foleni akaona nyumba ya Kamati, iliyokuwa imezama mpaka kwenye madirisha.

"Wamenipandisha," alisema.

"Hongera," alisema Ña Tomasa. "Basi sasa mambo yangu yatakwenda haraka."